Bima ya Kazi za Upakaji Rangi: Somo kwa Wahudumu wa Afya na Wagonjwa wa Nyanda za Juu za Ufipa

Utangulizi

Mvua zinapokoma katika nyanda za juu za Ufipa, mji wa Sumbawanga huingia katika msimu wa ujenzi. Mavuno ya mahindi na maharage yakishauzwa, sehemu ya fedha huhamia kwenye matofali, mabati na rangi. Kuanzia Mei hadi Oktoba ngazi huonekana zimeegemezwa kwenye kuta za maduka, nyumba za kulala wageni, makanisa na shule, kutoka Majengo na Chanji hadi Laela, Matai na Namanyere. Mafundi wa rangi huhesabika kuwa watu wa mwisho kuingia kwenye jengo. Mara nyingi pia huwa wa mwisho kukumbukwa katika mipango ya usalama na bima.

Msimu huohuo huleta wagonjwa katika zahanati, vituo vya afya na hospitali za mkoa wa Rukwa: aliyeanguka kutoka kwenye ngazi, aliyeingiwa na chokaa jichoni, anayelalamikia kichwa na kizunguzungu baada ya siku tatu za kupaka rangi ya mafuta ndani ya chumba kilichofungwa. Wahudumu wa afya huwatibu. Hata hivyo, wengi wao hawajui kwamba maneno wanayoyaandika kwenye faili siku ile ya kwanza yanaweza kuamua iwapo mgonjwa huyo atalipwa fidia au atauza shamba lake ili kugharamia matibabu.

Somo hili lina malengo matatu. La kwanza ni kueleza hatari za kiafya za kazi ya upakaji rangi. La pili ni kufafanua aina za bima zinazomhusu mkandarasi wa rangi na watu anaowaajiri. La tatu ni kuonyesha kazi ya mhudumu wa afya na ya mgonjwa katika kuifanya bima hiyo ilete manufaa.

Mfano wa kufundishia

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo hili, lakini kila sehemu yake ni ya kawaida katika mazingira ya wilayani.

Fundi mwenye umri wa miaka 34 anafanya kazi chini ya mkandarasi mdogo wa rangi mjini Sumbawanga. Hana mkataba wa maandishi; hulipwa kila Jumamosi. Asubuhi moja ya Julai, akiwa anapaka ukuta wa nje wa nyumba ya ghorofa moja, ngazi inateleza naye anaanguka kutoka urefu wa takribani mita nne, akitua kwa miguu. Wenzake wanampakia kwenye bodaboda, mmoja akimshikilia kwa nyuma, na kumfikisha hospitalini. Kwenye faili panaandikwa: “Ameanguka. Maumivu ya kisigino cha kulia na mgongo.” Picha ya eksirei inaonyesha kisigino kimevunjika. Siku mbili baadaye, ganzi ya miguu inapojitokeza, inagundulika kwamba pingili moja ya kiuno nayo imevunjika, na mgonjwa anapewa rufaa kwenda Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 300 kupitia Tunduma.

Miezi minne inapita. Mke wake anasikia kwamba kuna fidia kwa watu walioumia kazini. Anafuatilia, na anaambiwa alete ushahidi kwamba mumewe aliumia akiwa kazini. Mkandarasi anasema fundi huyo hakuwa mfanyakazi wake bali kibarua wa siku. Faili la hospitali halisemi alianguka wapi, saa ngapi, wala akifanya kazi gani. Huenda alianguka kutoka kwenye mwembe au kwenye ngazi za nyumbani kwake, karatasi haijui.

Katika mfano huu makosa ni manne: usafirishaji wa mgonjwa, uchunguzi usiokamilika, ajira isiyo na kumbukumbu, na faili lisilotaja kazi. Sehemu zinazofuata zinayachukua moja baada ya jingine.

Hatari za kiafya za kazi ya upakaji rangi

Mwaka 1700 tabibu wa Kiitalia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu juu ya magonjwa ya watu wa kazi mbalimbali. Miongoni mwao walikuwamo wachoraji waliotumia rangi zenye madini ya risasi. Ramazzini aliwashauri matabibu wenzake waongeze swali moja katika maswali wanayomuuliza kila mgonjwa: unafanya kazi gani? Zaidi ya miaka 300 imepita, na swali hilo bado linasahaulika katika vyumba vingi vya kumwonea mgonjwa.

Kuanguka. Hii ndiyo hatari ya ghafla iliyo kubwa kuliko zote kwa fundi wa rangi. Kichwa, uti wa mgongo, nyonga na miguu ndivyo huumia zaidi. Mgonjwa aliyeanguka kutoka juu na kutua kwa miguu, akavunjika kisigino, lazima achunguzwe pia uti wa mgongo, hasa eneo la kiuno, hata kama halalamikii sana maumivu ya mgongo. Nguvu ileile iliyovunja kisigino hupanda kupitia miguu na nyonga hadi kwenye pingili. Aliyeumia hapaswi kukalishwa kwenye bodaboda. Alazwe juu ya ubao au mlango uliong’olewa, kichwa, shingo na kiwiliwili vikiwa katika mstari mmoja, na ageuzwe na watu watatu au wanne kwa pamoja.

Mvuke wa viyeyushi. Rangi ya mafuta, vanishi na kiyeyushi ambacho mafundi hukiita tina hutoa mvuke unaosababisha maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulewa. Kizunguzungu hicho, fundi akiwa juu ya ngazi, huweza kuwa chanzo cha kuanguka. Matumizi ya miaka mingi bila kinga huathiri kumbukumbu, umakini na hali ya moyo. Baridi ya Ufipa ya Juni na Julai huongeza tatizo, kwa kuwa madirisha hufungwa. Mahali pengine huingizwa jiko la mkaa ili rangi ikauke haraka. Jiko hilo huleta hatari mbili kwa mara moja: moto, kwa sababu mvuke wa tina hushika moto upesi, na sumu ya hewa ya mkaa, ambayo haina rangi wala harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Madini ya risasi. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinataka rangi isiwe na madini ya risasi zaidi ya sehemu 90 kwa kila sehemu milioni moja. Hata hivyo, kuta, milango na madirisha yaliyopakwa rangi zamani yanaweza kuwa na madini hayo, nayo hugeuka vumbi fundi anapokwangua au kupiga msasa. Dalili zake huja polepole: msokoto wa tumbo, kufunga choo, upungufu wa damu, uchovu, shinikizo la damu, na kwa walioathirika sana, kulegea kwa kiganja. Vumbi lililobaki kwenye nguo za kazi huwafikia watoto nyumbani, na kwao huathiri ukuaji wa ubongo. Shirika la Afya Duniani linasisitiza kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Saratani. Mwaka 1989 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya upakaji rangi katika kundi la kwanza, yaani miongoni mwa mambo yaliyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Saratani za mapafu na kibofu cha mkojo ndizo zilizohusishwa nayo zaidi. Hii haimaanishi kwamba kila fundi ataugua. Inamaanisha kwamba fundi mwenye kikohozi kisichokwisha au damu kwenye mkojo anastahili kuchunguzwa mapema badala ya kupewa dawa za kutuliza tu.

Macho, ngozi na sumu za nyumbani. Chokaa na saruji huunguza jicho kwa kina. Lioshwe papo hapo kwa maji safi mengi kwa angalau dakika 30 kabla ya safari ya kwenda hospitalini. Kunawa mikono kwa petroli au tina hukausha na kuchubua ngozi. Tina iliyowekwa kwenye chupa ya soda huweza kunywewa na mtoto wa mwenye nyumba. Mtoto huyo asitapishwe, kwa kuwa kiyeyushi kikiingia kwenye mapafu huleta nimonia kali. Apelekwe kituoni haraka pamoja na chupa yenyewe.

Maradhi ya polepole na imani za jamii

Jina la Sumbawanga hufasiriwa na wenyeji wengi kuwa ni wito wa kutupa uchawi. Ni vyema wahudumu wa afya wakaukumbuka wito huo wanapokutana na maradhi ya kazini yanayojificha. Fundi mwenye msokoto wa tumbo usioeleweka na mkono unaolegea anaweza kuzunguka kwa waganga mwaka mzima, familia ikimtafuta aliyemroga, ilhali chanzo kipo kwenye vumbi la kuta alizokwangua. Kumdharau mgonjwa au familia yake hakusaidii. Kinachosaidia ni kumuuliza kwa heshima historia ya kazi zake tangu alipoanza: aina ya rangi, muda wa siku, kama alivaa barakoa, kama alikula bila kunawa mikono. Swali hilo humwondolea jirani tuhuma, na humpa mgonjwa tiba na haki yake kwa pamoja.

Aina za bima zinazomhusu mkandarasi wa rangi

Waswahili husema ajali haina kinga. Kwa upande mmoja msemo huo una upungufu, kwani ngazi iliyowekwa vizuri ni kinga. Kwa upande mwingine unasema kweli: hata mtu mwangalifu huanguka. Bima ipo kwa ajili ya siku hiyo. Haizuii ajali, huzuia ajali moja isiangushe familia nzima na biashara nzima. Kwa mkandarasi wa rangi, aina zifuatazo ndizo muhimu.

Kwanza, fidia kwa wafanyakazi. Hii ni ya lazima kwa kila mwajiri wa Tanzania Bara, wa umma na wa binafsi, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Msingi wake ni Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, Sura ya 263, iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, maarufu kwa kifupi cha WCF. Mfuko ulianza shughuli zake mwaka 2015. Mwajiri wa sekta binafsi huchangia asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa. Mchango huo ni wake mwajiri. Haruhusiwi kumkata mfanyakazi.

Hesabu ifuatayo inaonyesha udogo wa mzigo huo. Mkandarasi mwenye mafundi wanne, kila mmoja akilipwa shilingi 400,000 kwa mwezi, ana jumla ya mishahara ya shilingi 1,600,000. Asilimia 0.5 yake ni shilingi 8,000 kwa mwezi kwa mafundi wote wanne. Fundi mmoja akiumia na kushindwa kufanya kazi kwa muda, Mfuko humlipa asilimia 70 ya mshahara wake, yaani shilingi 280,000 kwa mwezi katika mfano huu, kwa kipindi kisichozidi miezi 24, pamoja na kugharamia matibabu. Ulemavu wa kudumu hupimwa kwa asilimia: usiozidi 30 hulipwa kwa mkupuo, na unaozidi hapo hulipwa kwa pensheni ya kila mwezi. Yapo pia mafao ya utengamao, ya mtu anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza, ya mazishi, na pensheni kwa wategemezi wa aliyefariki. Mfanyakazi hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea; inatosha kuonyesha kwamba aliumia au kuugua kutokana na kazi.

Pili, bima ya dhima kwa watu wengine. Hii hulinda biashara dhidi ya madai ya watu ambao si wafanyakazi wake: mpita njia aliyeangukiwa na kopo la rangi, mtoto aliyekunywa tina, gari la jirani lililorushiwa rangi, duka lililoungua kwa moto ulioanzia kwenye chumba kilichokuwa kikipakwa vanishi. Mkandarasi asiye na bima hii hulipa madai hayo kutoka mfukoni mwake, na akishindwa, aliyeumia hubaki bila msaada.

Tatu, bima ya mkandarasi ya hatari zote. Hutolewa kwa mradi maalumu au kwa mwaka. Kwa kawaida huilinda kazi yenyewe na vifaa vilivyopo eneo la ujenzi, na huweza kuunganishwa na dhima kwa watu wengine. Taasisi nyingi zinazotoa zabuni huitaka kabla ya kazi kuanza.

Nne, bima ya moto na wizi. Stoo ya rangi ni mahali pa hatari. Ngazi, majukwaa, mashine za kupulizia rangi na shehena ya rangi vinaweza kuwekewa bima. Kampuni ya bima itataka kujua vimehifadhiwaje.

Tano, bima ya ajali binafsi. Fundi anayejiajiri mwenyewe hana mwajiri wa kumchangia katika Mfuko wa Fidia. Bima ya ajali binafsi humlipa kiasi kilichokubaliwa akipata ulemavu, na huwalipa warithi wake akifariki. Baadhi ya mikataba hulipa pia sehemu ya matibabu.

Sita, bima ya afya. Hii hulipia matibabu, nayo ni ya lazima kwa ustawi wa kila kaya. Hata hivyo haifidii mshahara uliopotea wala ulemavu. Mtu aliyeumia kazini akitibiwa kwa kadi ya bima ya afya bila kutaja kazi, ajali yake huhesabiwa kama maradhi ya kawaida na njia ya fidia huanza kuzibika.

Nani ni mfanyakazi?

Swali hili ndilo kiini cha migogoro mingi. Mwenye nyumba humpa kazi mkandarasi mkuu, naye humpa fundi wa rangi, naye huita vibarua wawili kutoka kijiweni. Ajali inapotokea, kila mmoja humnyooshea kidole aliye chini yake.

Kukosekana kwa mkataba wa maandishi hakumwondolei mtu hadhi ya mfanyakazi. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, kinaweka vigezo ambavyo kimojawapo kikitimia mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Miongoni mwavyo ni kuelekezwa na mwenye kazi namna ya kuifanya au saa za kuifanya, kumfanyia kazi mtu huyo kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kumtegemea kiuchumi, na kupewa naye vifaa vya kazi. Kibarua anayefika kila siku kwa mkandarasi mmoja na kutumia ngazi na brashi zake ana msingi mzuri wa kudai kwamba yeye ni mfanyakazi.

Ushahidi wa hayo hutokana na vitu vidogo: daftari la mahudhurio, ujumbe wa malipo kwenye simu, picha za kazi, majina ya waliokuwepo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Vivyo hivyo na haki.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Kazi ya kwanza ya mhudumu ni kuokoa maisha. Mgonjwa akishatulia, taarifa zifuatazo ziandikwe kwenye faili siku ileile, kwa mwandiko unaosomeka:

1. Kazi ya mgonjwa, kwa maneno mahususi. “Fundi wa rangi” ni bora kuliko “kibarua”.
2. Mahali alipoumia na aliyekuwa akimfanyia kazi, kama mgonjwa mwenyewe anavyoeleza.
3. Tarehe na saa ya ajali, na saa aliyofika kituoni.
4. Namna ajali ilivyotokea: urefu, alivyotua, kama kulikuwa na mvuke mzito, waya wa umeme au utelezi.
5. Matokeo ya uchunguzi, pamoja na yale yaliyotafutwa na hayakuonekana, kwa mfano “nguvu na hisia za miguu ni za kawaida”.
6. Siku za mapumziko ya kitabibu na tarehe ya kurudi kliniki.
7. Kwa maradhi ya polepole, historia ya kazi tangu mwanzo, si ya mwaka huu pekee.

Mhudumu huandika aliyoyaona na aliyoelezwa, akitenganisha mawili hayo: “mgonjwa anaeleza kwamba” kwa maelezo, na “uchunguzi umeonyesha” kwa yaliyoonekana. Hapaswi kuandika ajali ya kazini pale ambapo mgonjwa hakuieleza hivyo, wala kubadili tarehe kwa ombi la mgonjwa au mwajiri. Faili lililoghushiwa humharibia mgonjwa kesi, humharibia mtaalamu taaluma yake, na huwafanya watoa bima wawatilie shaka wagonjwa wanaofuata.

Taarifa za mgonjwa ni siri. Kampuni ya bima au mwajiri hapewi nakala ya faili bila ridhaa ya mgonjwa au matakwa ya sheria. Mgonjwa mwenyewe ana haki ya kuomba taarifa ya kitabibu itakayoambatanishwa na madai yake. Tathmini ya asilimia ya ulemavu hufanywa na madaktari wenye mafunzo hayo, baada ya hali ya mgonjwa kufikia mahali ambapo matibabu hayatarajiwi kuibadilisha sana. Mhudumu wa kituo cha chini asikadirie asilimia hiyo kwa kubahatisha; aandike vizuri yale anayoyajua na atoe rufaa.

Mwisho, mhudumu amwambie mgonjwa sentensi moja kabla hajaondoka: “Kama umeumia kazini, mjulishe mwajiri wako leo, na utunze karatasi hizi.” Sentensi hiyo haigharimu chochote.

Wajibu wa fundi na mkandarasi

Kwa fundi aliyeumia, hatua ni hizi. Ampe mwajiri taarifa mapema iwezekanavyo, ikiwezekana kwa ujumbe wa simu unaobaki kama kumbukumbu. Ataje kazi yake hospitalini bila kusubiri kuulizwa. Atunze kadi, stakabadhi, picha za eksirei na barua ya rufaa mahali pamoja. Mwajiri anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku 7 baada ya kupata habari za ajali, na madai yawasilishwe ndani ya miezi 12. Mwajiri akikataa, mfanyakazi au ndugu zake wasikae kimya. Wawasiliane na Mfuko wenyewe au ofisi ya kazi ya mkoa.

Kwa mkandarasi, bima huanza kabla ya kusaini mkataba wa bima. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri asajili eneo la kazi na kuhakikisha wafanyakazi wanapimwa afya. Ngazi iwekwe ili kwa kila mita nne za urefu, mguu wake uwe mita moja mbali na ukuta, na mtu mmoja aishike chini. Vyumba vipate hewa hata wakati wa baridi. Rangi ya zamani ilowanishwe kabla ya kupigwa msasa, na nguo za kazi zisichanganywe na za watoto.

Anaponunua bima, mkandarasi aeleze ukweli wote: urefu wa majengo, idadi ya watu, aina ya rangi. Aliyesema anapaka nyumba za chini tu, kisha fundi wake akaangusha vifaa kutoka ghorofa ya pili, anaweza kukataliwa madai. Asome mambo yasiyolipwa na kiasi ambacho yeye mwenyewe atabeba katika kila tukio. Ahakikishe kampuni, wakala au dalali amesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, na adai stakabadhi. Mgogoro ukitokea, ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Kurudi kwenye mfano

Fundi wa miaka 34 angeweza kuwa na mwisho tofauti. Laiti angelazwa juu ya ubao na uti wa mgongo ukachunguzwa siku ya kwanza, pingili iliyovunjika ingetulizwa kabla ya ganzi. Laiti mkandarasi angekuwa amelipa sehemu yake ya zile shilingi 8,000, matibabu na nauli ya kufuata rufaa yasingekuwa mzigo wa mke wake peke yake. Na laiti faili lingesema: “Fundi wa rangi. Mgonjwa anaeleza kwamba saa nne asubuhi, akiwa kazini, alianguka kutoka kwenye ngazi, urefu wa takribani mita nne, akatua kwa miguu,” mwajiri asingepata pa kujificha.

Hata hivyo mlango haujafungwa kabisa. Miezi minne bado iko ndani ya miezi 12. Wenzake waliompakia kwenye bodaboda ni mashahidi. Malipo ya Jumamosi yamo kwenye simu yake. Daktari anayemwona sasa anaweza kuchukua historia kamili ya kazi na kuiandika kwa tarehe ya leo, bila kugusa maandishi ya awali. Mgonjwa wa namna hii anapofika kliniki, asiambiwe amechelewa, aelekezwe.

Maswali ya kujipima

1. Mgonjwa aliyeanguka kutoka kwenye ngazi amevunjika kisigino. Ni sehemu gani nyingine lazima ichunguzwe, na kwa nini?
2. Mkandarasi ana vibarua watatu, kila mmoja akilipwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Mchango wake wa mwezi katika Mfuko wa Fidia ni kiasi gani? (Jibu: shilingi 4,500.)
3. Kuna tofauti gani kati ya bima ya afya na fidia kwa wafanyakazi kwa mtu aliyepoteza uwezo wa kufanya kazi?
4. Mwajiri anamwomba mhudumu aandike kwamba mgonjwa aliumia nyumbani. Mhudumu afanye nini?
5. Katika kituo chako cha kazi, je, kadi ya mgonjwa ina nafasi ya kuandika kazi anayoifanya? Kama ipo, je, hujazwa?

Hitimisho

Bima ya mkandarasi wa rangi huonekana kama suala la wafanyabiashara na mawakala. Kwa hakika ni sehemu ya matibabu, kwa sababu mgonjwa asiye na kipato hashiki miadi ya kliniki, hanunui dawa, na hurudi juu ya ngazi kabla mifupa haijaunga. Mkandarasi huchangia kwa fedha kidogo kila mwezi. Fundi huchangia kwa kutoa taarifa mapema. Mhudumu wa afya huchangia kwa kuuliza swali moja na kuandika jibu lake. Wote watatu wakitimiza sehemu zao, fundi anayeanguka Sumbawanga atakuwa na haki ileile ya kutibiwa na kufidiwa kama mfanyakazi wa kampuni kubwa jijini.